Upande wa Ukutani

Pikipiki ya marehemu ilisimama nyuma ya nyumba, imeegemezwa ukutani kwa ubavu wake wa kulia, imefunikwa turubai, na turubai lenyewe limekandamizwa kwa mawe. Aliyeamuru iwekwe hivyo alikuwa baba wa marehemu, fundi mstaafu wa malori ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Difu, kwa kuwa enzi zake aliweza kuifungua difu, lile bonge la gia la ekseli ya nyuma ya lori, peke yake na kuishusha kifuani bila kuomba msaada wa mtu. Siku pikipiki ilipoletwa kutoka kwenye ajali, mzee alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake na sauti ilikuwa imemkauka. Hata hivyo alipata nguvu ya kusimama mlangoni na kuwaelekeza vijana walioileta: hapana, igeuzeni, ubavu huo ndio ukae ukutani. Wakaigeuza. Mfiwa haulizwi maswali.

Watu walidhani ni uchungu tu, na uchungu ulikuwepo, tena wa kutosha. Lakini ubavu ule wa kulia ndio wenye nati ya ekseli ya gurudumu la nyuma, na katika nati hiyo hupita pini ya waya yenye miguu miwili, fupi kuliko kidole, ambayo kazi yake ni kuizuia nati isijifungue kwa mtikisiko wa barabara. Mzee Difu ndiye aliyelifungua gurudumu lile mara ya mwisho, na ndiye aliyelirudisha, asubuhi ya siku ambayo mwanawe alitoka asirudi. Na hakukumbuka kama aliichomeka ile pini.

Kutazama kungemchukua muda wa kufumba na kufumbua. Ni kuvuta turubai, kuisogeza pikipiki kidogo, kuinama, basi. Hakufanya. Pini isiyotazamwa huenda ipo na huenda haipo, na hapo katikati ndipo mzee alipohamia akaishi mwaka mzima na ushei, akila kwa kudokoa na kulala kwa kushtuka. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na mzee huyu mjukuu mwingine hakujaliwa.

Mambo yalikwenda hivi. Watu wa malori wana kiburi chao, na mtu asiwalaumu sana, maana wamelala chini ya vyuma ambavyo wengine tunaogopa hata kupita karibu navyo. Kwao pikipiki ni baiskeli iliyojifunza kukohoa. Mwanawe alipotaka kuipeleka kwa fundi wa pikipiki pale kona, tairi la nyuma libadilishwe kabla ya safari, Mzee Difu aliona ametukanwa. Aliuliza kama mtu aliyeinua tani kumi anaweza kushindwa na kipande kile cha bati. Akatoka na jeki yake ya lori, ile ya kupampu, ambayo kichwa chake hakizidi kizibo cha soda. Akaichimbia kishimo kwenye udongo ili ipate kuingia chini ya tumbo la pikipiki, akapampu.

Hakuweka kabari kwenye gurudumu la mbele, wala hakuifunga pikipiki popote. Kosa hilo asingelifanya fundi wa pikipiki hata aliyeanza kazi jana. Lakini lori halilali ubavu. Ukiliinua nyuma, mbele lina magurudumu mawili yaliyotanuka, limetulia kama nyumba, na unaweza kuingia chini ukafanya kazi huku unapiga mluzi. Pikipiki ukiinyanyua nyuma imebaki kwenye gurudumu moja na kizibo cha soda. Gurudumu lilikuwa limekwisha kurudi mahali pake na nati imeshikwa kwa vidole, mzee anatafuta spana, pikipiki ilipoanza kulala taratibu kumfuata. Aliikumbatia, akaita. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akadaka usukani. Mwanawe akatoka na shati mkononi, akaushika mkia. Wakaishusha watatu, jeki ikazama upande kwenye kishimo chake, na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu.

“Baba, leo umekutana na lori lako,” mwanawe alisema, akavaa shati, akamshukuru, akaondoka kwa kuwa alikuwa amechelewa.

Hapo katikati, kati ya kicheko na kufuta mikono, ndipo kumbukumbu ya mzee ilipokatika. Spana aliishika, au aliikusanya tu pamoja na vyombo vingine? Pini ilikuwa mfukoni, mkononi, au chini? Jioni wakaletewa habari kwamba pikipiki imekutwa mtaroni, kwenye kona, na mwenye nayo kando yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda na cheni imeruka. Waliofika pale walisema ni mchanga barabarani, wengine wakasema ni mwendo. Hakuna aliyemuuliza mzee lolote kuhusu nati.

Nyumbani walibaki wawili, yeye na mkwewe. Mkwe huyu alikuwa mkunga wa zahanati, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Baada ya arobaini ndugu zake walikuja kumchukua, kwa maneno mazuri, bila kumvunjia mzee heshima. Akawauliza, Baba atabaki na nani? Wakarudi walikotoka. Wambea nao hawakukosa la kusema: binti wa watu, hana mtoto, anamngoja nani mle ndani? Alipika, alifua, alimpimia mzee presha, aliondoka kwa miguu kwenda kazini na kurudi kwa miguu. Kila alipomwekea sahani mbele na kusema karibu Baba, mzee alijisikia kama mwizi aliyekaribishwa sebuleni na mwenye mali.

Siku moja mkwe alirudi kutoka kwa mama aliyeshikwa na uchungu mbali na zahanati. Alikuwa ameitwa mapema, akaenda kwa kasi yote ambayo miguu ya binadamu inaweza, na alipofika mtoto alikuwa ametangulia kuzaliwa na kutangulia kufa. Mama alipona. Mkunga akaketi kwenye ngazi ya kibaraza bila kuvua viatu, akasema:

“Baba, naiomba ile pikipiki.”

Kuendesha alijua, mumewe alimfundisha. Mzee Difu akaanza kuorodhesha vikwazo. Matairi yameoza. Yatabadilishwa, mkwe akajibu. Usukani umepinda. Utanyooshwa. Barabara ni mbaya. Barabara ile ile naipita kwa miguu, Baba. Injini imelala muda mrefu, itakuwa imeshika. Mkwe akasema wataiamsha. Mzee alipoishiwa akatazama vidole vyake.

“Kazini huwa tunawaambia kina mama, mficha uchi hazai,” mkwe alisema, huku anafungua kamba za viatu. “Kama kuna kinachouma kwenye hiyo pikipiki, tukifungue. Nitaipeleka kwa fundi wa pale kona.”

Mzee alishtuka. Akasema hapana, haitoki hapa, ataifungua mwenyewe hapa nyumbani, siku ambayo mkwe hana zamu. Sababu yake aliijua moyoni: kama kuna la kuonekana, heri lionwe na jicho lake kuliko la mtu baki, likaishia kusimuliwa kwenye benchi la kona. Mkwe alimtazama kidogo.

“Sawa, Baba. Ila mara hii tuifunge.”

“Mara hii tutaifunga,” mzee akasema, na usiku ule hakupata hata ule usingizi wake wa kushtuka.

Siku ilipofika, mzee alikuwa ameazima jeki ya mkasi kwa jirani mwenye teksi, jeki fupi, pana, inayozungushwa kwa mkono. Ile ya lori hakutaka hata kuiona. Walitoa mawe, wakavuta turubai. Vumbi likawakohoza. Mzee akashika usukani kwa upande wa kushoto, mkwe akasukuma kwa nyuma, na pikipiki ikabanduka ukutani, matairi yamekufa, kila hatua inalalamika. Ubavu wa kulia ukatoka mwangani baada ya mwaka na ushei gizani. Mzee alikuwa kushoto, na kushoto akabaki. Angeinama tu angeona. Macho yake yalikwenda kwenye nguzo za kibaraza, kwenye kamba, kwenye mawingu, kote isipokuwa pale.

Waliisimamisha kwenye saruji mbele ya kibaraza, kati ya nguzo mbili, kwa sababu mzee alisema jeki kwenye udongo huzama, na ikizama haizami sawasawa. Akaubana mkono wa breki ya mbele na kuufunga kwa ukanda wa tyubu ili gurudumu lisiwe na pa kwenda. Akapigilia kabari za mti mbele na nyuma ya gurudumu hilo. Kamba mbili zikatoka kwenye usukani, moja hadi nguzo ya kulia, moja hadi ya kushoto, zikakazwa kwa zamu mpaka pikipiki ikasimama wima bila kushikwa. Ile ya kulia alimwachia mkwe aifunge, akasingizia goti.

Kisha jeki. Akaweka ubao chini yake na ubao mwingine juu yake, akamwonyesha mkwe kwa nini: usiinue kwa bomba la moshi, litapasuka, wala kwa kizibo cha oili. Tafuta vyuma viwili vya fremu, cha kushoto na cha kulia, ubao uvishike vyote viwili, uzito usikae sehemu moja. Alieleza polepole, akarudia yaliyokwisha kueleweka. Akazungusha mkono wa jeki, akasimama, akatazama kamba, akazungusha tena. Gurudumu la nyuma likaiacha saruji kiasi cha kupitisha kiganja. Hapo akaacha, maana kuinua zaidi ya haja ni kujitafutia. Akasukuma vipande viwili vya gogo chini ya fremu, akaishusha jeki kidogo, pikipiki ikakaa juu ya gogo na jeki kwa pamoja.

“Itikise,” akamwambia mkwe. Mkwe akaitikisa. Ikatulia.

Akamwambia tena. Ikatulia. Akamwambia mara nyingine, na safari hii mkwe aliitikisa taratibu, kwa kuwa alikwisha kujua kwamba asiyetulia hapo si pikipiki.

“Imeshika, Baba,” akasema. “Nenda kaangalie.”

Kutoka kushoto kwenda kulia ni kulizunguka gurudumu tu. Mzee akashika kiti cha pikipiki, akazunguka, akapiga goti lile lile alilolisingizia, akafumba macho, akayafumbua.

Pini ilikuwepo.

“Ipo,” alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti isiyo yake, “Ipo, mwanangu, niliichomeka.” Akaegemeza paji la uso kwenye tairi bovu akalia kwa kwikwi, mzee mzima, bila kujificha. Akasema yote, kwamba alikuwa anadhani amemuua mwanawe, kwamba kila usiku alikuwa anaitafuta ile pini katika kichwa chake na haipati. Furaha ilimwingia mwilini ikamuuma. Mkwe alikuwa mbele, ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa kamba zilikuwa zimekwisha kuushika, anatazama barabarani.

“Nilijua ipo, Baba,” akasema.

Mzee akajifuta uso kwa mkono wa shati, akachukua koleo aivute pini, kazi ianze. Hapo ndipo alipoitazama vizuri.

Ekseli ilikuwa imeshika kutu nyekundu. Nati ilikuwa na kutu, na juu ya kutu kulikuwa na tope la mtaroni lililokauka kama saruji. Pini ilikuwa nyeupe, inang'aa. Kuzunguka tundu lake tope lilikwanguliwa. Na miguu yake miwili ilikuwa imesokotwa pamoja, kama mtu anavyofunga mdomo wa gunia. Mzee Difu alikunja pini maisha yake yote, na hakuwahi kusokota hata moja: mguu mmoja huukunja juu ya ncha ya ekseli, wa pili huulaza nyuma ubavuni mwa nati, kila mmoja njia yake. Akaigusa nati kwa vidole. Ikacheza, ikazunguka kidogo mpaka pini ikaizuia. Haikuwahi kukazwa kwa spana. Mtu aliizungusha kwa mkono mpaka tundu lake likaonana na la ekseli, juzi juzi, akaichomekea pini ya dukani.

Katika nyumba ile walikuwa watu wawili tu.

Kwanza alihisi baridi. Kwa hiyo ni kweli, haikuwepo, na ndiye aliyeisahau. Jambo alilolikimbia mwaka na ushei lilikuwa pale kwenye vidole vyake, dogo, linang'aa. Halafu akaelewa la pili, nalo lilimpiga vibaya zaidi: kwamba mwanamke yule aliyeshika usukani alijua. Alijua alipokataa kuondoka na ndugu zake. Alijua kila alipoweka sahani na kusema karibu Baba.

Mzee angeweza kunyamaza. Angeivuta ile pini, akaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, akabaki na zawadi yake, na mkwe naye akabaki akidhani amempatia. Wangezeeka hivyo, kila mmoja amemficha mwenzake. Alilifikiria hilo kwa dhati, kwa kuwa alikuwa amechoka sana. Lakini pikipiki hii kesho itapandwa, na atakayeipanda ndiye aliyesokota pini kama mdomo wa gunia.

“Mwanangu,” akasema, “pini haikunjwi hivi.”

Mkwe hakugeuka. Mabega yake yalishuka kidogo kidogo.

“Niliiokota ile nyingine,” akasema. “Nilikuwa nafagia uani, asubuhi ile watu walipoanza kuja msibani. Ilikuwa kwenye kishimo cha jeki. Nikaenda kuitupa chooni kabla hujaamka.”

“Na ukaendelea kunipikia.”

“Nilikuchukia, Baba. Sikufichi. Nilikuwa nakupakulia huku nakuchukia, nasema nitaondoka mwezi ukiisha, nitaondoka mwezi ukiisha.” Alikaza mikono kwenye usukani. “Halafu siku moja nikakuta nimekwisha kukupakulia, nimekuchagulia na kipande kizuri, na kuchukia sijakumbuka. Nikajua basi, sina mtu mwingine wa kukaa naye tumkumbuke marehemu. Kila mtu mwingine amekwisha kumsahau.”

Mzee Difu alitaka kuomba radhi, na neno radhi lilikuwa dogo mno. Akabaki amepiga goti, machozi yanaingia kwenye ndevu. Mkwe akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza, wala hakumwambia si kosa lako. Lilikuwa kosa lake, na wote wawili sasa walikuwa wanalitazama.

Alipoweza kusema, alimwita.

“Njoo upande huu.”

Mkwe akaivuta kamba ya kushoto, akaivuta ya kulia, zote zikawa ngumu, ndipo akaachia usukani na kuzunguka. Akachuchumaa kando ya mzee. Mzee akaivuta ile pini iliyosokotwa, akainyoosha miguu yake kwa koleo, akamwekea kiganjani pamoja na spana. Akaeleza kwamba gurudumu halitoki leo, tairi jipya halijanunuliwa, ila leo ajifunze kufunga. Nati kwanza, kwa nguvu, mpaka spana ikatae. Kisha itafute mahali tundu la nati linapoonana na tundu la ekseli. Kisha pini. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma.

Mzee akainuka kwa kushika kiti, akaenda mbele pale aliposimama mkwe, akashika usukani.

“Kaza wewe,” akasema. “Mimi nashikilia.”

Mkwe alikaza. Nati ililia kwa kutu, ikakataa, akaongeza uzito wa mwili wake, ikaenda. Alipochomeka pini na kuikunja aliuliza kama Baba anataka kuja kuikagua. Mzee Difu alisema aitazame yeye mwenyewe, ndiye atakayepanda. Mkwe akainama akatazama kwa muda mrefu, akagusa kila mguu kwa kidole, akasema ipo. Kisha wakatoa gogo, akaizungusha jeki kuishusha, polepole, na mzee hakuachia usukani mpaka pikipiki iliposimama kwenye magurudumu yake yote mawili.